Simu na Kompyuta katika Hesabu za Chama: Kufuli Tatu Zibaki Tatu

Madhumuni ya somo

Somo hili limekusudiwa makatibu, washika fedha na wanachama wa vyama vya akiba na mikopo, vya wazalishaji na vya wafanyabiashara wadogo, ambavyo vimeanza au vinafikiria kuanza kupokea fedha kwa simu na kuweka vitabu vyao katika kompyuta. Halikusudii kuwatia wanachama hofu ya mashine, wala kuzisifu mashine kupita kiasi. Linakusudia kueleza kwamba mashine hubadilisha namna kazi inavyofanywa, lakini haibadilishi swali la nani mwenye mali na nani mwenye haki ya kuikagua. Swali hilo hujibiwa na wanachama wenyewe, na lisipojibiwa kabla ya mashine kuingia, aghalabu hujibiwa baada ya hasara.

Mwisho wa somo msomaji atarajiwe kuweza kufanya mambo matatu: kueleza kwa nini laini ya simu ya chama isiwe mali ya mtu mmoja, kulinganisha leja ya chama na taarifa ya simu hadi tofauti ionekane, na kutaja masharti ambayo kamati iyadai kabla ya kutia saini mkataba wa programu ya hesabu.

1. Fedha zilivyoingia katika simu

Huduma ya kutuma fedha kwa simu ilianza Kenya mwezi Machi 2007, pale kampuni ya Safaricom ilipotoa M-Pesa. Mwaka 2008 Vodacom iliileta huduma hiyo Tanzania, na mwaka huo huo Zantel, kampuni iliyoanzia Zanzibar, ikatoa Z-Pesa, ambayo mwaka 2012 ilifanywa upya kwa jina la Ezypesa. Hapo mwanzo kila mtandao ulikuwa kama kisiwa: fedha za mtandao mmoja hazikuingia moja kwa moja katika mwingine. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana kufunguliana milango, na Vodacom ikaungana nazo mwaka 2016. Kati ya miaka hiyo, mwaka 2015, ilitungwa Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa, iliyoziweka huduma hizi chini ya usimamizi wa Benki Kuu ya Tanzania. Baadhi ya majina ya kampuni hizo yamekwisha kubadilika, lakini mazoea yaliyoanzishwa na huduma zao yamebaki.

Katika mtaa kama Jang'ombe, upande wa Ng'ambo ya mji wa Zanzibar, mabadiliko haya hayakungoja kikao cha kamati. Mwanachama mwenye duka hulipwa kwa simu na wateja wake. Fundi cherehani hupokea arbuni kwa simu. Mwenye kuuza Darajani au Mwanakwerekwe hurudi nyumbani jioni, saa ambazo ofisi ya chama imekwisha kufungwa. Ni jambo la kawaida, basi, kwamba watu hawa wamwambie katibu, "Tutakutumia kwa simu." Katibu mwenye nia njema hutaja namba yake mwenyewe. Hivyo chama huingia katika mfumo mpya wa fedha bila azimio, bila kanuni na bila daftari lililotayarishwa, na pengine bila mtu yeyote kutambua kwamba uamuzi mkubwa umekwisha kufanywa.

2. Sanduku na kufuli zake

Kabla ya kuitazama simu ni vyema kulikumbuka sanduku. Mpango wa vikundi vya kuweka na kukopa unaotumia sanduku la chuma ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE. Unguja ulifika katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, pamoja na kazi ya kuhifadhi msitu huo, na kutokana na vikundi hivyo ikazaliwa jumuiya iliyojulikana kwa jina la JOSACA. Wanawake wengi wa mjini, ambao kabla ya hapo waliuzoea upatu, waliufahamu mpango huo kwa urahisi.

Sanduku hilo huwa na kufuli tatu. Funguo huwekwa na wanachama watatu mbalimbali, na sanduku lenyewe huwekwa na mtu wa nne. Halifunguliwi ila katika mkutano, mbele ya wote. Fedha huhesabiwa kwa sauti, na kila mwanachama hutazama kitabu chake kikiandikwa au kupigwa muhuri. Kwa hivyo mpango mzima wa sanduku hufanya kazi tatu:

(a) Idhini. Hapana mtu mmoja awezaye kutoa fedha peke yake.

(b) Ushahidi. Fedha huhesabiwa hadharani, si chumbani.

(c) Kumbukumbu. Kila mwanachama huondoka na maandishi mkononi mwake.

Mambo haya matatu si mageni kwa watu wa Visiwani. Qur'ani Tukufu, katika Surat Al-Baqara, aya ya 282, imeagiza deni la muda liandikwe, mwandishi awe muadilifu na mashahidi wawepo. Na wahenga wamesema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kuandikiana si kutoaminiana. Ni kuuhifadhi uaminifu ulioko usije ukaharibika kwa kusahau.

Hatari ya simu ni hii: simu moja yenye namba moja ya siri huzichukua kufuli zote tatu na kuzitia katika mfuko wa mtu mmoja. Mtu huyo anaweza kuwa mwaminifu kuliko wote katika chama, lakini huugua, husafiri, huibiwa simu, na hufa. Siku hiyo wanachama hugundua kwamba akiba yao iko nyuma ya namba wasiyoijua, katika laini iliyosajiliwa kwa jina lisilo lao.

Kwamba jambo hili laweza kuepukwa limeonekana kwa majirani na nyumbani. Nchini Uganda huduma ya Airtel Weza ilitengenezwa kwa ajili ya vikundi vya akiba kwa kufuata mfano wa sanduku: fedha za kikundi hazitoki mpaka watu watatu waingize namba zao za siri. Tanzania, mwaka 2019, Benki ya Posta na Vodacom zilianzisha M-Koba, ambamo viongozi wa kikundi huidhinisha kutolewa kwa fedha na wanachama hupata ujumbe wa yale yanayotendeka. Ufundi wa kuzihifadhi kufuli tatu, basi, upo. Kinachotakiwa ni chama kuudai.

3. Fundisho la mwaka 1974

Wako wadhanio kwamba vitabu vikiwa vibaya, kompyuta itavitengeneza. Historia ya nchi hii ina jawabu kwa dhana hiyo. Kompyuta ya kwanza Tanzania iliwekwa katika Wizara ya Fedha, Dar es Salaam, mwaka 1965. Baadaye Serikali ilijaribu kuuhamisha utaratibu wa hesabu zake katika kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikaonekana kwamba mfumo mpya hautoi matokeo yaliyotarajiwa, na ikabidi kazi irudishwe katika njia ya mkono, kwa gharama kubwa. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingizwa kwa kompyuta nchini, na amri hiyo ikalegezwa miaka ya baadaye.

Wachunguzi wengi wa jambo hilo wamelitaja tatizo la watu kuliko tatizo la chuma: wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno, na kazi ilitegemea mno wageni. Fundisho kwa chama kidogo ni lile lile. Mashine huzidisha kasi ya kile inachopewa. Ikipewa leja safi, hutoa mizania kwa dakika chache. Ikipewa leja iliyochafuka, hutoa mizania chafu kwa haraka ile ile, na kwa kuwa imechapwa vizuri, wanachama huiamini zaidi kuliko walivyouamini mwandiko wa katibu.

4. Matayarisho kabla ya mashine

Kamati isinunue programu yoyote kabla ya kutimiza mambo manne yafuatayo, ambayo hayahitaji umeme wala intaneti.

Kwanza, orodha ya wanachama isafishwe. Waliofariki, waliojitoa na waliohamia watajwe, na hisa na akiba zao zijulikane. Mwanachama mwenye majina mawili katika kurasa mbili aandikwe mara moja tu.

Pili, kila kitabu cha mwanachama kilinganishwe na leja ya chama. Pale vinapohitilafiana, sababu itafutwe na masahihisho yatiwe saini na katibu na mwanachama. Kazi hii huchosha, na ndiyo sababu vyama vingi huiruka. Lakini kosa lililobebwa kutoka daftarini kuingizwa katika kompyuta huwa gumu mara mbili kuliondoa.

Tatu, mikopo yote iandikwe upya katika orodha moja: kiasi kilichotolewa, kilichorejeshwa, kilichobaki na tarehe ya mwisho.

Nne, mkutano mkuu uamue. Kuhamisha hesabu za chama si jambo la ufundi la kuachiwa kijana mmoja aijuaye kompyuta. Katika misingi saba ya ushirika iliyothibitishwa na Muungano wa Ushirika Duniani mwaka 1995, msingi wa pili ni usimamizi wa kidemokrasia wa wanachama. Wanachama hawawezi kukisimamia kitu ambacho hawakuelezwa.

5. Simu ya chama na ulinganishaji wa kila wiki

Laini ya chama isajiliwe kwa jina la chama, kwa hati za usajili wa chama, na si kwa kitambulisho cha katibu. Palipo na uwezekano wa kupata namba ya malipo ya taasisi, ile ambayo watu huiita lipa namba, au akaunti ya kikundi yenye idhini ya watu zaidi ya mmoja, chama kichague hiyo. Fedha zikifikia kiwango kilichowekwa na kamati zihamishiwe benki, ambako cheki au hati ya kutoa fedha inadai saini zaidi ya moja. Simu iwe mlango wa kupitia fedha, isiwe ghala la kuzilaza.

Jambo la pili ni kwamba ujumbe si fedha. Ujumbe wa simu waweza kutumwa tena, kughushiwa au kusomwa vibaya. Hakuna mtumiaji wa simu Tanzania asiyewahi kupokea ujumbe wa matapeli unaomwelekeza kwamba "ile pesa" aitume katika namba nyingine. Kwa hivyo katibu asiandike malipo katika leja kwa kutazama ujumbe alioonyeshwa na mwanachama. Aandike kwa kutazama taarifa ya akaunti ya chama yenyewe.

Ili jambo hili lieleweke, ichukuliwe hesabu ya mfano. Chama cha akiba na mikopo cha Jang'ombe kina wanachama 60, na kila mmoja hutoa shilingi 10,000 kwa wiki kwa njia ya simu. Wiki hii katibu ameandika katika leja malipo ya wanachama 57. Ulinganishaji wake uwe hivi:

Salio la simu mwanzo wa wiki: 1,250,000
Kuongeza michango 57 iliyoandikwa: 570,000
Jumla: 1,820,000
Kutoa fedha zilizopelekwa benki: 1,500,000
Kutoa gharama za miamala: 6,000
Salio linalotakiwa kuwepo: 314,000
Salio lililosomwa katika simu: 304,000
Tofauti: 10,000

Katibu mvivu ataisema tofauti hiyo kuwa ni "makato" na kufunga daftari. Katibu mwenye kuijua kazi yake atachukua taarifa ya akaunti na kuweka alama mbele ya kila mchango. Akifanya hivyo ataona kwamba taarifa ina michango 56, wala si 57. Ataendelea mpaka aone kwamba mwanachama mmoja alimpelekea, kwa kusahau, ujumbe wa wiki iliyopita, naye akauandika mara ya pili. Hapana aliyeiba, na hapana wa kushutumiwa. Ila kama tofauti hiyo isingetafutwa wiki hii, ingeungana na nyingine ya wiki ijayo; na baada ya mwaka chama kingekuwa na pengo lisilo na maelezo, na kila mtu angemtazama mwenzake kwa jicho la shaka. Vyama vingi huvunjwa na shaka kabla ya kuvunjwa na wizi.

Ulinganishaji huu ufanywe na watu wawili, mmoja asome taarifa na mwingine asome leja, na wote watie saini. Hesabu yake ibandikwe mahali wanachama wakutanapo. Hiyo ndiyo kufuli ya pili, yaani ushahidi.

Gharama za miamala ziandikwe katika safu yake peke yake. Zisikatwe kimyakimya katika mchango wa mwanachama, wala zisifichwe katika matumizi mengine. Kanuni za chama ziseme wazi ni nani anayezibeba, kwa kuwa gharama hizi zaweza kubadilika ghafla. Mwezi Julai 2021 Serikali ilianza kutoza tozo ya miamala ya simu juu ya gharama za kampuni, na mwezi Septemba mwaka huo huo ikaipunguza kwa asilimia 30 baada ya malalamiko ya wananchi. Chama kisichokuwa na kanuni hubishana kila bei ibadilikapo.

6. Vitabu vilivyo katika "wingu"

Programu nyingi za hesabu zinazouzwa sasa hazikai katika kompyuta ya ofisini. Vitabu vya chama huwekwa katika kompyuta kubwa za kampuni, ambazo zaweza kuwa Dar es Salaam, Ulaya au kwingineko, na katibu huvifikia kwa intaneti, kwa kompyuta au kwa simu. Wataalamu huuita utaratibu huo wingu. Jina hilo lisimpoteze mwanachama: wingu hilo si anga, ni nyumba ya mtu mwingine. Chama hakinunui nyumba. Hupanga chumba na kulipa kodi kwa mwezi au kwa mwaka.

Faida zake ni za kweli. Ofisi ikiungua au ikiingia maji ya masika, vitabu havipotei. Mkaguzi aweza kuvisoma bila kubeba majalada. Mwanachama aweza kuuliza salio lake kwa simu yake. Vyombo vya usimamizi navyo vinaelekea huko. Upande wa Tanzania Bara, Tume ya Maendeleo ya Ushirika imeanzisha Mfumo wa Usimamizi wa Vyama vya Ushirika, ujulikanao kwa kifupi MUVU. Chama kisichojifunza kitajikuta kinafundishwa kwa haraka.

Lakini mpangaji mwenye busara husoma mkataba kabla ya kuingiza vyombo vyake. Kamati iulize, na ipate majibu kwa maandishi, maswali haya:

(a) Taarifa za chama ni mali ya nani? Mkataba utamke kwamba ni mali ya chama.

(b) Chama kikiacha huduma, kitapewa vitabu vyake vyote kwa namna inayosomeka katika programu nyingine, na kwa muda gani?

(c) Bei ya mwaka wa pili na wa tatu ni ipi? Mwaka wa kwanza bei huwa ndogo ili mlango ufunguke.

(d) Programu inaweza kuonyesha ni nani aliyeandika au kufuta kila ingizo, na saa ngapi? Leja ya wino ikifutwa huacha alama. Leja ya kompyuta isiyoacha alama haifai kwa fedha za watu.

(e) Programu inafuata kanuni za chama? Viko vyama vya Unguja ambavyo wanachama wake wamekataa riba na hukopeshana kwa utaratibu mwingine. Programu iliyotengenezwa kwa kukokotoa riba kwa kila mkopo, isiyoweza kuzimwa hesabu hiyo, itamtia katibu katika udanganyifu wa kila siku ili mashine ikubali. Chama kisibadilishe imani na kanuni zake kwa kuifurahisha programu.

(f) Msaada utatolewa kwa Kiswahili, na nani atakuja mfumo ukikwama?

Kila mtumishi apewe jina na nywila yake mwenyewe. Katibu aandike, mwenyekiti aidhinishe, na mkaguzi asome bila kuweza kubadilisha. Nywila moja inayojulikana na ofisi nzima ni sawa na kufuli tatu zenye ufunguo mmoja uliotundikwa ukutani.

7. Siku ya giza

Unguja inafahamu maana ya kukosa umeme. Waya wa chini ya bahari uletao umeme kutoka Tanzania Bara uliwekwa mwaka 1980. Mwaka 2008 kisiwa kilikaa takriban mwezi mzima bila umeme huo, na kuanzia tarehe 10 Desemba 2009 kilikaa tena gizani hadi Machi 2010. Waya mpya mkubwa zaidi ulianza kazi mwaka 2013. Intaneti nayo hupita baharini: tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na Seacom, zilikatika, na watumiaji wengi wa Tanzania wakapata taabu ya mtandao kwa siku kadhaa.

Chama kisiyachukulie mambo haya kuwa ni sababu ya kukataa mashine, bali kijitayarishe. Kila mwisho wa mwezi orodha ya masalio ya wanachama wote ichapwe, itiwe saini na watu wawili na kuwekwa katika jalada. Daftari la stakabadhi lenye nakala lisiondolewe mezani. Mwezi ukianza gizani, katibu aweze kuwasha taa ya chemli, kufungua jalada, kupokea fedha, kuandika stakabadhi na kujibu swali la mwanachama. Chama kisichoweza kufanya kazi hiyo kwa wiki moja bila mtandao hakijawa tayari kuutegemea mtandao.

8. Siri za wanachama na haki ya asiye na simu kubwa

Leja ya mikopo ni siri ya nyumba za watu. Zamani ilifungiwa kabatini. Sasa picha ya ukurasa mmoja huzunguka mtaa mzima kabla ya sala ya Isha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka wajibu kwa wanaokusanya na kutumia taarifa za watu. Hata bila ya sheria, heshima yatosha: katibu asibandike majina ya wadaiwa katika kikundi cha WhatsApp. Mwenye deni aitwe na kamati, ahojiwe kwa kanuni, na mkutano upewe jumla ya madeni. Hesabu za chama ziwe wazi. Aibu ya mtu isitangazwe.

Hali kadhalika, si kila mwanachama ana simu janja. Bibi mwenye simu ya tochi, au asiyesoma maandishi madogo, ana hisa sawa na mwingine na kura moja kama mwingine. Stakabadhi ya simu humfaa mwenye kuisoma. Kwa wengine kitabu cha mwanachama kiendelee, na kijazwe kila mkutano. Kufuli ya tatu, yaani kumbukumbu mkononi mwa mwanachama, isifunguliwe kwa kisingizio cha maendeleo.

9. Hatua za kuingia

Chama kiingie katika mfumo mpya kwa hatua, kisitumbukie. Miezi mitatu ya mwanzo daftari na kompyuta ziende pamoja, na mwisho wa kila mwezi majumla yake yalinganishwe. Yakitofautiana, mwezi huo usihesabiwe. Yakilingana miezi mitatu mfululizo, kamati ipeleke taarifa kwenye mkutano mkuu, nao uamue kama kompyuta iwe kitabu kikuu. Watu wawili, si mmoja, wafundishwe kazi yote, ili chama kisiwe mateka wa ujuzi wa mtu. Maafisa wa Mrajis wa Vyama vya Ushirika waarifiwe na washauri.

Kazi ya kuwa na watu wawili itaonekana ni gharama, na miezi mitatu ya kuandika mara mbili itaonekana ni usumbufu. Gharama hiyo ilinganishwe na akiba yote ya mjane aliyeweka shilingi 10,000 kila wiki kwa ajili ya ada za wanawe. Yeye hakuiamini simu, wala hakuliamini sanduku. Aliwaamini watu walioshika funguo tatu, kwa sababu alijua kwamba hapana hata mmoja wao awezaye kufungua peke yake. Chombo kikibadilika, ahadi hiyo aliyopewa na iendelee kutekelezwa vile vile.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi

1. Laini ya simu inayopokea fedha za chama imesajiliwa kwa jina la nani? Mtu huyo akifariki leo, chama kitazipata fedha zake kwa njia gani, na baada ya muda gani?

2. Katika kila mmoja wa mipango hii, taja nani anatoa idhini, nani ni shahidi, na mwanachama anabaki na kumbukumbu gani: sanduku la chuma; akaunti ya benki; simu ya chama.

3. Chama kilianza wiki na salio la simu la shilingi 480,000. Leja inaonyesha michango 43 ya shilingi 10,000. Zilizopelekwa benki ni shilingi 600,000, na gharama za miamala ni shilingi 4,500. Simu inaonyesha salio la shilingi 315,500. Tofauti ni kiasi gani, na katibu aitafute katika njia zipi? Je, fedha kuzidi ni jambo la kufurahia?

4. Kamati imeletewa programu ambayo mwaka wa kwanza ni bure. Andikeni masharti matano ambayo chama kiyatie katika mkataba kabla ya kuikubali.

5. Intaneti ikikatika siku ya kutoa mikopo, nani afanye nini? Utaratibu wake uandikwe katika ukurasa mmoja na kubandikwa ofisini.